Maneno ya Banda la Ndege

Ukiuliza Naro Moru, utaambiwa kwamba Wachuka alimuuza rafiki yake kwa sababu ya mbwa. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kweli yote inaanza na mikono yake.

Kwa miaka kumi na mmoja Wachuka alichambua mawaridi katika kampuni moja ya maua iliyo kati ya Naro Moru na Nanyuki. Kazi yenyewe ni ya kusimama. Maua yanaletwa kwa ndoo, unayapima kwa ubao na kuyapanga kwa urefu wa shina, unang'oa majani ya chini, unafunga ishirini ishirini, unasukuma mbele. Asubuhi maji ya ndoo yana baridi ya kukata kucha, maana yanatoka mtoni, na mto unatoka kwenye theluji ya mlimani. Mwaka wa kumi na mmoja ngozi yake ikaanza kupasuka. Ilianza katikati ya vidole, ikaingia viganjani, hata akawa hawezi kukanda unga wa chapati bila kuuma meno. Daktari wa Nyeri aliandika barua kwamba ni dawa za maua zilizomdhuru, na kwamba asipoondolewa kwenye dawa hizo, mikono hiyo haitamfaa tena kwa lolote.

Kampuni nyingine ingemwambia aende nyumbani. Meneja wa wafanyakazi, mtu wa Murang'a aliyeitwa Kingori, aliisoma ile barua mara mbili, akajikuna shingo, akasema, "Mama Wendy, iko nafasi kwa ndege. Kufagia na kupanguza tu. Lakini huko mtu anafunga mdomo."

Akamwekea karatasi mbele. Ilisema kwamba chochote atakachokiona ndani ya ndege, au katika banda lake, ni siri ya kampuni. Wachuka aliitia sahihi bila kuisoma mpaka mwisho. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Wendy, aliyekuwa akisomea uuguzi Nyeri, na siku hiyo kalamu iliacha alama ya damu pembeni mwa karatasi.

Hivyo ndivyo alivyogeuka kuwa mtu wa jeti.

Wakati huo jeti ilikuwa moja, nyeupe, ya viti sita. Jumanne na Ijumaa ilitua kwenye kiwanja cha lami nyuma ya mabanda ya maua, ikiwa na mkurugenzi na wageni wake kutoka Nairobi. Wafanyakazi wengi hawakuwahi kumwona mkurugenzi isipokuwa kwa mbali: miwani myeusi, koti lililotupwa begani, hatua kumi kutoka ngazi ya ndege hadi mlango wa gari. Rubani ndiye waliyemfahamu. Aliitwa Harshil, mtu wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Nyeri mjini. Babu yake Ambalal alikuwa ameuza misumari na mabati huko maisha yake yote, na mjukuu alikulia dukani akisikiliza wateja, hivyo Kikuyu chake kilikuwa kizuri kuliko cha Wendy. Wachuka alimwita Kapteni. Yeye alimwita Mama Wendy, na alipopanda alipangusa viatu kwanza, asimchafulie zulia.

Rafiki wa Wachuka alikuwa Murugi. Waliandikwa kazi siku moja, kwenye foleni moja, na miaka yote hiyo walisimama meza moja mpaka mikono ya mmoja ilipoharibika. Murugi alikuwa na mdomo. Supavaisa akipita akifoka, Murugi angeiga mwendo wake kwa mabega tu, bila kuacha kufunga maua, na meza nzima ingekufa kwa kicheko. Hakuwa na mume. Alikuwa na mama mzee huko Kianyaga, na jino bovu lililomsumbua kila baridi ilipoingia.

Kule kwenye meza za maua, jeti ilikuwa chakula cha kila siku. Ati ndani kuna bafu lenye bomba la dhahabu. Ati kuna kitanda. Ati mkurugenzi alimrusha mwanawe Mombasa kula pizza, wakarudi kabla ya jioni. Na kwa kuwa Wachuka ndiye pekee aliyeingia ndani, wote walimgeukia. Alicheka, akatikisa kichwa, asiseme neno. Tusimfiche: alipenda kuulizwa. Hakuwa amewahi kuwa mtu anayejua kitu ambacho wengine hawakijui.

Mwezi wa tatu, tangazo lilibandikwa getini. Kwa sababu ya kupanda kwa gharama, basi la wafanyakazi limesimamishwa hadi hapo mtakapoarifiwa. Waliokaa karibu walitembea kilomita tano, waliokaa mbali saba, nyingi kati ya hizo kando ya barabara kuu ya kwenda Nanyuki, ambako malori hayapunguzi mwendo kwa ajili ya mtu. Walianza kuamka saa kumi alfajiri.

Wiki saba baadaye ikaja jeti ya pili.

Ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, na mkiani ilikuwa na mstari wa kijani. Ilipotua, watu waliacha ndoo wakajaa milangoni. Murugi alikunja mikono juu ya aproni yake, akaitazama ikigeuka mwisho wa lami.

"Basi yetu hiyo," akasema. "Imemea mabawa."

Neno hilo lilizunguka kampuni nzima kabla ya chai ya saa nne, na kuanzia siku hiyo minong'ono juu ya jeti haikuwa tena ya kuchekesha. Watu waliihesabia kila kitu walichokosa. Gambuti za kuvaa kazini zikichelewa kuletwa, ni jeti imezila. Sabuni ikiisha kwenye choo, ni jeti inaoga.

Ijumaa moja ya Mei, jeti kubwa ilitua ikiwa na abiria wawili tu: mke wa mkurugenzi, ambaye wote walimwita Madam, na mbwa. Walipoondoka na gari, Wachuka aliingia kusafisha. Kwenye kiti cha ngozi kando ya dirisha alikuta blanketi dogo la sufu lililotariziwa jina, Otto, likiwa limejaa manyoya. Kiti hicho kilikuwa na mshipi wa ziada, wa kuzunguka kifua kidogo. Chini yake palikuwa na sahani ya udongo mweupe, ya seti ile ile waliyotumia wageni, imerambwa ikang'aa.

Alishika lile blanketi akasimama nalo. Lilikuwa zito kuliko alilokuwa nalo Wendy hosteli.

"Kapteni," akamwita Harshil aliyekuwa mlangoni akijaza fomu zake, "huyu mbwa ametoka wapi?"

"Nairobi. Alienda kuoshwa meno."

"Meno?"

"Meno, Mama Wendy. Iko daktari wao." Harshil akacheka, kisha akatazama nje, upande wa mabanda ya maua, akaacha kucheka. "Usiniulize mimi. Mimi ni dereva tu."

Wachuka aliliweka jambo hilo moyoni Jumamosi. Jumapili alikaa nalo kanisani. Jumatatu lilimkaa kooni kama mfupa. Jumanne jioni alikuwa akitembea kurudi nyumbani na Murugi, mvua imeanza kunyunya, na soli ya kiatu cha Murugi ilikuwa imebanduka ikafungwa kwa kamba ya kufungia maua. Murugi alikuwa kimya. Kimya cha Murugi kilimtisha mtu. Wachuka akatafuta kitu cha kumchangamsha, na kitu kilikuwa hapo hapo ulimini.

"Nikikwambia kitu, hutaambia mtu?"

"Mimi? Mimi ni kaburi."

Akamwambia: blanketi, jina, mshipi, sahani, meno. Murugi alicheka mpaka akashika nguzo ya ua asianguke.

"Meno! Na mimi niko na jino inaniuma tangu Krismasi! Ati kiti yake?"

"Kiti yake. Na mshipi, asiumie."

Murugi alipangusa macho. Walitembea hatua kadhaa, soli ikipiga lami. Kisha akasema polepole, kama mtu anayeonja chumvi, "Mbwa anapanda ndege, na sisi tunatembea."

"Usiseme, Murugi. Niliweka sahihi."

"Si nimekwambia mimi ni kaburi."

Kufikia Alhamisi kaburi lilikuwa wazi. Mbwa alikuwa amepata pasipoti. Kufikia Jumamosi alikuwa na nesi wake wa kike, na kiti chake kilikuwa kimekatwa kutoka kwenye lile basi. Wachuka aliisikia habari hiyo kwenye posho mill, akisagisha mahindi, kwa mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga kampuni, akiapa kwa jina la mama yake. Alimwendea Murugi.

"Nilimwambia Wamucii peke yake," Murugi akasema. Wamucii alikuwa msichana wa meza yao, mwenye sauti kama filimbi.

"Na Wamucii?"

"Si unajua Wamucii."

Wachuka alikasirika, lakini si kwa moyo wote. Usiku ule, akipaka mikono mafuta, alijikuta akitabasamu. Kampuni nzima ilikuwa ikila mkate uliotoka jikoni kwake.

Kisha ukaja mwezi wa Julai, na ukungu wake.

Mzee Gikonyo alikuwa mfunguaji wa maji. Kabla maua hayajaamka, yeye alipita akifungua mabomba banda moja baada ya jingine, kwa hiyo ilimlazimu awe kazini saa kumi na moja. Alikuwa na miaka hamsini na minane na alitembea akiwa upande wa kushoto wa barabara, magari yakimjia kwa nyuma, kama alivyotembea tangu utotoni. Jumanne moja lori la viazi lilimkuta kwenye ukungu, kilomita mbili kutoka getini. Dereva alisema hakuona kitu, alisikia tu.

Wachuka na Murugi walifika hapo kabla hakujapambazuka. Mtu alikuwa amemfunika kwa gunia la mbolea. Mkebe wake wa githeri ulikuwa umefunguka na maharagwe yametapakaa kwenye lami. Murugi alivua leso yake, akaliondoa lile gunia, akamfunika kwa leso, akaichomeka pembeni kama anavyofunikwa mtoto. Polisi walikawia. Walipofika, ukungu ulikuwa umeinuka, na jeti ya Jumanne ikapita juu ya barabara ikishuka kutua. Wote waliokuwa pale waliinua vichwa. Wachuka peke yake aliangalia chini.

Walimzika Jumamosi, kwenye shamba lake mwenyewe. Kingori alikuja na shada kubwa la mawaridi ya kampuni, akasoma karatasi iliyosema kwamba kampuni ni familia na familia imempoteza baba. Alipomaliza, mchungaji akauliza kama wafanyakazi wenzake wana neno. Murugi akasimama. Hakuwa amechaguliwa na mtu. Alichukua maikrofoni akaishika kwa mikono miwili.

"Mimi sitaongea mengi. Mzee Gikonyo alipatia maua ya kampuni maji miaka ishirini na mbili. Tulikuwa na basi, wakachukua. Wakaleta ndege. Ndani ya hiyo ndege kuna kiti ya mbwa. Iko na mshipi, mbwa asiumie. Huyo mbwa alipelekwa Nairobi kuoshwa meno. Mzee Gikonyo alikuwa anatembea. Ni hayo tu."

Akairudisha maikrofoni. Mchungaji, asijue la kufanya, akaanzisha wimbo. Lakini simu tatu nne zilikuwa zimeinuliwa juu, na kufikia Jumatatu maneno ya Murugi yalikuwa yamefika mbali, hata kwenye nchi yanakouzwa yale maua. Wanunuzi wakaandika barua. Walitaka kujua habari za basi, na za mbwa.

Jumatano Kingori alimwita Wachuka ofisini, akafunga mlango. Alikuwa na jasho juu ya mdomo, ingawa ilikuwa baridi.

"Mkurugenzi anataka jina moja," akasema. "Murugi aliongea, sawa, lakini matanga ni matanga, siwezi kufuta mtu kazi kwa kulia. Anataka kujua siri ilitoka aje kwa ndege. Walioona hiyo kiti ni watatu: Madam, Kapteni na wewe. Kapteni nimeuliza, anasema hajui kitu."

Kingori akaegemea meza.

"Wewe hii kazi nilikupatia kwa mkono wangu. Mikono yako imepona, si imepona?"

"Imepona."

"Na msichana amebakisha mwaka moja."

"Mwaka moja."

Kingori akachezea kalamu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo Wachuka alilolikumbuka baadaye kwa uchungu zaidi. Aliuliza kwa sauti ya chini, karibu ya kusihi, "Ama kuna mtu aliingia huko bila ruhusa? Fikiria sana, Mama Wendy. Kuna mtu aliingia?"

Alikuwa amemfungulia mlango, akamwachia apite mwenyewe.

"Murugi," Wachuka akasema. "Alikuja siku moja. Nilikuwa nimewacha mlango wazi nikaenda kuteka maji. Kurudi, nikampata ndani."

Maneno yalitoka laini, bila kujikwaa, na ulaini huo ulimwogofya. Kingori aliyaandika. Akamgeuzia karatasi. Safari hii Wachuka aliisoma mpaka nukta ya mwisho, kisha akatia sahihi.

Kesho yake Murugi aliitwa mbele ya meza ya Kingori. Walikuwepo Kingori na mkuu wa ulinzi, pamoja na Theuri, mwakilishi wa wafanyakazi, mtu mpole ambaye kofia yake haikuwahi kutulia mikononi. Wachuka aliambiwa akae pembeni. Kingori alisoma yale maandishi kwa sauti isiyo na rangi. Alipofika mahali paliposema "nikampata ndani", Murugi aligeuza kichwa akamtazama Wachuka. Kwanza alimtazama kama mtu ambaye hajasikia vizuri na anangoja arudiwe. Kisha uso wake ukatulia.

"Murugi, si useme kitu," Theuri akasema. "Uliingia kwa ndege ama hukuingia?"

Wachuka aliificha mikono chini ya leso. Alijua kwamba neno moja la Murugi lingetosha: ni yeye aliniambia. Alilingoja. Kuna kipande cha moyo wake kilichotaka lije, liwabebe wote wawili, yaishe.

"Kama amesema hivyo," Murugi akasema, "andika hivyo."

"Hiyo si jibu," mkuu wa ulinzi akasema.

"Ndiyo jibu niko nayo."

Alifutwa mchana huo huo kwa kosa la kuingia mahali palipokatazwa. Getini alivua gambuti na aproni za kampuni, akavaa viatu vyake vilivyofungwa kwa kamba, akashika njia. Wachuka alimwona kutoka kwenye banda la ndege. Alikuwa na kitambaa mkononi, na aliendelea kupangusa kioo ambacho tayari kilikuwa safi.

Mwezi wa nane basi lilirudi. Kampuni ilipiga picha watu wakipanda, wakicheka, ikazituma kwa wanunuzi. Wachuka naye alipanda. Alikaa kwenye kiti cha watu wawili, na basi likajaa, watu wakasimama wakishikilia vyuma, na kile kiti cha pili kikabaki kitupu mpaka getini. Ilikuwa hivyo kesho yake, na wiki iliyofuata. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Alipowasalimu, walimjibu kama mtu anavyomjibu askari wa barabarani.

Habari ilimfikia hata Wendy huko chuoni. Alipiga simu Jumapili.

"Mum, ni ukweli?"

"Nilikuwa nafikiria wewe."

"Mimi usiniweke kwa hiyo," Wendy akasema. "Tafadhali. Mimi sikukuomba." Tangu hapo aliendelea kupiga simu, lakini mazungumzo yao yakawa ya mvua na mitihani.

Septemba Wachuka alishindwa kuvumilia. Alinunua mkate na sukari, akasafiri mpaka Kianyaga, akauliza njia hadi kwa mama yake Murugi. Alimkuta Murugi kati ya mibuni, ana panga, anakata machipukizi. Alikuwa amekonda, na shavu moja lilikuwa limebonyea: jino lilikuwa limeng'olewa. Hakuonyesha kushangaa. Alimkaribisha jikoni, akasukuma kuni, akamwekea chai.

"Nimekuja kuomba msamaha," Wachuka akasema.

"Najua. Kunywa kwanza."

Alikunywa. Bibi mzee alichungulia mlangoni, akawatazama, akaondoka.

"Kwa nini hukusema ni mimi?"

Murugi alizungusha kikombe chake mikononi. "Nilikuwa niseme. Neno ilikuwa hapa. Halafu nikaona vile umeficha mikono, nikakumbuka vile ilikuwa inapasuka. Nikasema, wacha mmoja atoke, mmoja abaki." Aliinua macho. "Lakini usifikirie ni mapenzi. Ilikuwa hasira. Nilitaka ubaki nayo hiyo kitu. Nilitaka ikae na wewe kila siku."

"Inakaa."

"Basi." Murugi alimwaga masalio ya chai motoni, jivu likapiga mlio. "Na mimi pia nilikosa. Uliniambia nisiseme, nikasema. Kwa hivyo usiniletee mkate kama mgonjwa."

"Nitaenda kwa Kingori, nimwambie ukweli."

"Enda ama usiende, mimi siwezi kurudi huko. Lakini hapa usikuje tena, Wachuka." Miaka yote hiyo alikuwa amemwita Mama Wendy. "Mama yangu ataniuliza wewe ni nani yangu. Sitajua nimwambie nini."

Alimsindikiza mpaka barabarani, kwa kuwa mgeni husindikizwa, akasimama naye hadi gari likaja.

Jumatatu Wachuka alienda kwa Kingori, akasimama mbele ya meza yake, akamwambia yote. Kingori alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Wachuka alipomaliza, Kingori aliinuka akahakikisha mlango umefungwa.

"Hiyo faili ilifungwa," akasema. "Nikiifungua, wewe unaenda, na mimi naenda, kwa sababu ni mimi niliandika. Na Murugi hawatamrudisha, maana shida yao haikuwa ndege, ilikuwa ile maikrofoni. Sasa niambie, Mama Wendy, tutakuwa tumesaidia nani?"

Wachuka alikuwa amekuja akitumaini kwamba meneja ndiye angekuwa na jibu.

Novemba jeti zote mbili zilihamishiwa Nairobi. Hazikuuzwa, zilitolewa mbele ya macho ya watu tu, na mkurugenzi akaanza kuja mara moja kwa mwezi. Banda la ndege likageuzwa stoo ya maboksi. Siku ya mwisho Harshil alimkuta Wachuka akikunja vitambaa vyake. Alisimama, kofia kwapani.

"Mama Wendy, waliponiuliza nilisema sijui kitu. Lakini ni mimi nilikwambia mambo ya meno. Ningesema hivyo, singefutwa. Rubani hapatikani ovyo. Wangenigombeza tu." Akaitoa kofia kwapani. "Nilijua hiyo, na bado nikanyamaza."

Wachuka hakumlaumu. Alimwambia, "Enda salama, Kapteni," akambebea mkoba mpaka kwenye ngazi.

Kwa kuwa hapakuwa tena na ndege ya kupanguzwa, alirudishwa kwenye meza ya maua, kwenye ile ile aliyotoka. Uongo wake ulikuwa umemnunulia miezi minne. Alipewa glavu, lakini maji huingia kwenye glavu, na kabla Desemba haijafika nusu vidole vyake vilikuwa vyekundu. Mahali pa Murugi palikuwa na msichana mpya. Hadithi sasa zilisimuliwa na Wamucii. Jeti zilikuwa zingali zinasemwa, hata zaidi ya zilipoonekana: ati kuna ya tatu njiani, ati yule mbwa amekufa akazikwa kwa jeneza. Lakini Wachuka akisogea na ndoo yake, hadithi ilikatika katikati ya neno, zikabaki sauti za mikasi.

Siku moja, wakati wa chai ya saa nne, alisimama. Hakuwa amepanga. Walikuwa wanawake kumi na wawili hivi, wameketi kwenye makreti, vikombe mikononi.

"Murugi hakuingia kwa ndege," akasema. "Ni mimi nilimwambia mambo ya mbwa. Halafu nikasema uongo, akafutwa. Nilitaka mjue."

Hakuna aliyeshtuka. Mmoja aliangalia kikombe chake, mwingine akafunga kamba ya kiatu. Wamucii ndiye aliyesema, na ile sauti yake ya filimbi ilikuwa chini kabisa.

"Tulijua, Mama Wendy."

"Tangu lini?"

"Siku ile ile. Murugi alikuwa hapa na sisi kutoka asubuhi mpaka jioni, kila siku ya Mungu. Angeingia kwa ndege saa ngapi?"

Wachuka aliwatazama mmoja mmoja. "Na mbona hamkusema?"

Wamucii alipuliza chai yake, ingawa ilikuwa imekwisha kupoa. "Kila mtu aliogopa ataulizwa yeye alisikia kwa nani," akasema. "Halafu basi ikarudi."

Kengele ikalia. Wakainuka, wakamwaga masalio ya chai mlangoni, wakarudi kwenye ndoo. Wachuka alivuta glavu zake, akashika shina la kwanza, akalipima na ubao.